Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu, wakuu wa benki na wakuu wa kampuni za simu: floti ya wakala nayo ipewe njia

Mheshimiwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania,
Waheshimiwa wakurugenzi wa benki zenye mawakala,
Waheshimiwa wakuu wa kampuni za simu zinazotoa huduma za fedha,

Shikamooni.

Ninawaandikia nikiwa kibandani kwangu, katika Bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya. Ni kibanda cha mbao na bati, upana wake hatua nne. Nilikifungua mwaka 2016 nikiwa na laini mbili za uwakala wa simu na mtaji nilioupata kwa kuuza mpunga wa ekari moja na nusu. Leo nina laini za mitandao minne, na tangu mwaka 2022 nimeongeza uwakala wa benki mbili. Watu wa hapa wananiita Mama Wakala, na wapo watoto wanaodhani hilo ndilo jina nililopewa na wazazi wangu.

Haipiti wiki bila wakala mwenzangu wa simu kuja kuniuliza, "Mama, na mimi niongeze benki?" Namvutia kiti. Namweleza faida, nazo ni za kweli. Kisha namweleza na yaliyobaki, yaani shida ya floti, ile hela ya wakala iliyo kwenye laini au akaunti yake ya uwakala, na hapo sauti yangu hubadilika, kwa sababu yaliyobaki si yeye wala mimi tunaoweza kuyarekebisha. Mnaweza ninyi. Ndiyo maana leo nimeamua kuyasema kwenu, nikitumaini yatawafikia.

Nianze na faida, maana ingekuwa dhambi kuziruka. Kabla sijaweka benki, walimu wa shule yetu ya msingi na wauguzi wa zahanati walikuwa wakisikia mshahara umeingia, wanaanza kuomba ruhusa mmoja mmoja. Tawi la benki lililo karibu nasi ni mwendo wa saa moja na nusu kwa Noah, barabara ikiwa kavu. Mwalimu anaondoka alfajiri, anasimama foleni, anarudi jua linazama, na darasa lake limeshinda likijisomea lenyewe. Nauli imeondoka, chakula cha mchana kimeondoka, na sehemu nzuri ya mshahara imebaki kwenye maduka ya mjini. Siku hizi mwalimu anapita kwangu saa kumi jioni baada ya kengele, anatoa anachohitaji, anachukua risiti, anavuka barabara kununua unga na mafuta kwa jirani yangu. Yupo mzee mmoja mstaafu aliyekuwa akisafiri na mjukuu wa kumshika mkono ili akachukue pensheni yake. Mjukuu alikuwa akikosa shule siku mbili kila safari. Sasa mzee anakuja mwenyewe na fimbo yake, tunasalimiana, tunaulizana habari za mifugo, anaondoka. Naliona jambo hili kila mwezi na halijawahi kunichosha.

Najua pia kwamba mlango huu mliufungua ninyi. Benki Kuu ilitoa mwongozo wa uwakala wa benki mwaka 2013, ikautazama upya mwaka 2017. Kisha Julai 2021 mkaondoa lile sharti la mwombaji kuwa amefanya biashara kwa miezi 18, mkasema atosheke na kitambulisho cha Taifa au namba yake ya NIDA. Mjini huenda tangazo lile lilipita kama matangazo mengine. Kwetu halikupita hivyo. Mdogo wangu wa kike alikuwa na genge la nyanya na vitunguu, hana leseni ya zamani wala hesabu za miaka miwili za kumwonyesha mtu. Kwa sharti la zamani angeambiwa akasubiri. Leo ni wakala wa benki katika kijiji cha pili kutoka hapa, na mkopo wa kujengea choo cha nyumba yake ameulipa kwa kamisheni. Kwa hilo nawashukuru kwa moyo wote.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nitawaeleza siku moja tu, siku ya gulio, mwezi wa sita mwaka jana, mavuno yakiwa yamechanganya. Daftari langu liko hapa mbele yangu, nasoma kutoka humo.

Nilifungua saa moja asubuhi nikiwa na mtaji wa shilingi milioni tisa. Milioni tatu zilikuwa keshi kwenye droo. Milioni mbili zilikuwa floti ya benki moja. Ile ya pili sikuiwekea kitu siku hiyo, mtaji haukutosha. Milioni nne zilizobaki nilizigawa kwenye laini za simu: 1,800,000 kwenye mtandao unaotumiwa zaidi hapa, 1,200,000 kwenye wa pili, 600,000 kwenye wa tatu, 400,000 kwenye wa nne. Mwaminini mtu anayewaambia kwamba kugawa mtaji asubuhi ndiyo kazi ngumu kuliko zote za wakala. Ni kama kupika ukiwa na sufuria sita na mkaa wa jiko moja.

Saa tatu akaja mnunuzi wa mpunga kutoka Dar es Salaam. Hela yake iko benki, wakulima wanataka keshi mkononi kabla gunia halijapandishwa kwenye gari. Akatoa milioni mbili na nusu kwa mafungu, kadiri kikomo cha muamala kinavyoruhusu. Mteja akitoa, keshi yangu inashuka na floti inapanda; akiweka, inakuwa kinyume chake. Keshi yangu ikabaki laki tano, floti ya benki ikapanda hadi milioni nne na nusu. Sikuwa na wasiwasi, maana najua hela ya gulio inavyozunguka: mnunuzi anawalipa wakulima, na mkulima hapendi kutembea na hela nyingi hadi shambani kwake. Anakuja kuiweka kwenye simu. Ndivyo ilivyokuwa. Mpaka saa sita wakulima walikuwa wameniletea 1,800,000 za kuweka kwenye ule mtandao mkubwa. Keshi ikarudi kuwa 2,300,000, lakini floti ya mtandao ule ikawa sifuri.

Akaja mnunuzi wa pili, huyu wa Tunduma, akatoa milioni mbili kwa benki. Floti ya benki ikawa milioni sita na nusu, keshi laki tatu. Wakulima wakarudi tena, wenye laini ya mtandao wa pili wakaweka 1,200,000, na floti ya mtandao huo nayo ikaisha. Ilikuwa saa nane mchana. Keshi 1,500,000, floti ya benki 6,500,000, mitandao miwili mikubwa sifuri, ile midogo miwili milioni moja ambayo hakuna aliyeihitaji.

Jumlisheni, waheshimiwa. Ni milioni tisa zilezile. Hakuna shilingi iliyopotea, hakuna niliyemkopesha, hakuna aliyeniibia. Lakini nje ya dirisha walikuwa wamesimama wakulima zaidi ya 20, kila mmoja na hela yake mfukoni, wanataka kuiweka, na mimi sikuweza kuipokea. Floti ninayo, milioni sita na nusu, lakini imekaa upande ambao haiwezi kutoka.

Niliwaambia, "Floti imekata." Hilo ndilo neno tunalolitumia, na kwa mkulima lina maana moja tu: nenda nyumbani na hela yako. Mama mmoja alikuwa ameuza gunia 14, mavuno yake ya mwaka mzima. Alinitazama, akaifunga hela kwenye kanga, akaisukuma ndani ya beseni la mchele, akaondoka kwa miguu. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nafikiria lile beseni.

Kwa nini sikuihamisha ile floti ya benki nikainunulia floti ya simu? Zipo njia, nazijua zote, na naomba nizitaje kwa haki. Baadhi ya benki zimekwisha kuweka kwenye menyu yao huduma ya kununua floti ya mtandao fulani, na waliofanya hivyo nawapongeza. Lakini benki hii ina mtandao huu, ile ina mwingine, na ya tatu haina kabisa. Katika benki zangu mbili, ni moja tu yenye huduma hiyo, tena kwa mtandao mmoja, nao siyo unaotumiwa na wakulima wa hapa. Kutoka floti ya simu kwenda floti ya benki, mimi sijawahi kupata njia isiyopitia keshi. Njia ya pili ni kupeleka hela kutoka benki kwenye namba yangu binafsi ya simu kama mteja wa kawaida, kisha nijitolee mwenyewe kwenye till yangu, yaani laini yangu ya uwakala. Hapo nalipa ada ya kuhamisha na ada ya kutoa, na kamisheni ya siku nzima inaishia humo. Njia ya tatu ni kubadilishana na wakala jirani: yeye ana floti, mimi nina keshi. Siku ya gulio jirani naye amekwama palepale nilipokwama mimi. Njia ya nne ni kufunga kibanda na kwenda mjini.

Kwenda mjini nimekwenda mara nyingi. Unaitoa hela benki, unaitia kwenye mfuko wa salfeti chini ya kabichi, unapanda bodaboda hadi kwa wakala mkuu wa mtandao, unampa, anakuwekea floti, unarudi. Nimewahi kubeba milioni saba kwa njia hiyo, peke yangu, nina mimba ya miezi sita. Sitaki kuandika mengi juu ya ujambazi, kwa sababu kuna wenzetu walioumizwa na familia zao zinasoma. Nitasema tu kwamba wakala hupigwa mara nyingi saa ya kufunga au akiwa njiani, na njiani tunakwenda kwa sababu ya floti. Na tawi lenyewe Jumamosi linafunga mchana, Jumapili halifunguki. Gulio letu ni Jumapili.

Kuna siku mtandao mmoja uliniletea ujumbe: umestahili mkopo wa floti, ulipe kesho pamoja na ada. Niliuchukua, kwa sababu watu walikuwa dirishani. Nilikopa laki tano huku nina milioni nne zangu halali zimelala kwenye floti ya benki. Nililipa ada ili nitumie hela ambayo kwa haki ilikuwa yangu tangu asubuhi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko safari za bodaboda.

Waheshimiwa, nchi hii ilikwisha kulitatua tatizo hili kwa upande wa mteja. Mwaka 2014 Tigo, ambayo siku hizi ni Yas, ilikubaliana na Airtel na Zantel wateja wao watumiane fedha moja kwa moja. Vodacom ikaingia mwaka 2016. Nakumbuka ilivyokuwa kabla ya hapo: mtu akitumiwa hela na ndugu wa mtandao mwingine, anakuja kibandani na namba ya siri iliyoandikwa kwenye karatasi, aitoe keshi, kisha aiweke upya kwenye laini yake. Leo kijana wa darasa la saba hawezi kuamini kwamba tuliishi hivyo. Kisha Benki Kuu ikajenga TIPS, mfumo wa malipo ya papo kwa papo unaounganisha benki na kampuni za simu, na hela ya mteja inatoka benki yoyote kwenda simu yoyote kabla hujamaliza kupiga chafya. Mteja amefunguliwa. Wakala, ambaye mtaji wake ndio unaomwezesha yule mteja kuigusa hela yake, bado anaishi mwaka 2013. Mimi bado nageuza floti kuwa keshi, naibeba, naigeuza tena kuwa floti.

Na hii floti ya simu ni kitu gani? Kwa kanuni za fedha za kielektroniki za mwaka 2015, kampuni ya simu lazima iweke benki, kwenye akaunti ya amana, fedha zinazolingana na zile zilizoko kwenye simu za watu. Maana yake floti yangu ya simu, hata sasa ninapoandika, ina shilingi mwenzake iliyolala benki. Na floti yangu ya benki iko benki. Ninapobeba milioni saba chini ya kabichi, nazitoa benki ili kesho yake zirudi benki. Sijasoma uchumi, lakini hili hata binti yangu wa darasa la sita nilipomwelezea alicheka, kisha akaniuliza, "Sasa mama unazibebea nini?" Sikuwa na jibu. Nawaulizeni ninyi.

Najua kuna sababu, na ningependa kuzijibu mbele yenu badala ya kujifanya hazipo.

Mtasema floti ikitembea ovyo, wahalifu wataitumia kusafisha fedha. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini laini zangu zote nne na akaunti zangu zote mbili za uwakala zimesajiliwa kwa namba yangu moja ya NIDA na TIN moja, namba yangu ya mlipakodi. Siombi floti yangu iende kwa mtu mwingine. Naomba itoke mfuko wangu wa kushoto iingie mfuko wangu wa kulia, na kila hatua iandikwe kwenye mitambo yenu: saa, kiasi, imetoka wapi, imekwenda wapi. Keshi iliyo chini ya kabichi haimwachii mkaguzi alama yoyote. Anayetaka kufuatilia fedha angetakiwa awe wa kwanza kutaka jambo hili.

Benki nazo zina sababu ambayo haisemwi mkutanoni. Floti ninayoilaza kwenye akaunti yangu ya uwakala ni amana kwa benki. Ikitoka kwenda kwenye akaunti ya amana ya kampuni ya simu iliyo benki nyingine, imewatoka. Naielewa biashara, nami ni mfanyabiashara. Lakini ile siku ya gulio, saa nane, keshi ilipokuwa imebaki milioni moja na nusu na mitandao miwili mikubwa ikiwa sifuri, niliacha kuwahudumia wateja wa benki pia. Mnunuzi wa tatu alitaka kutoa milioni tatu, nikamwambia sina kiasi hicho. Kama floti ya simu ingekuwepo, wakulima wangeendelea kuniletea keshi, na keshi hiyo ningempa yeye. Benki ilikosa ada ya muamala ule, ikakosa na mteja, maana aliapa kwamba msimu ujao atakuja na hela yake kwenye gari. Floti mliyoizuia ndiyo iliyofunga mashine yenu.

Wakala wakuu watakuwa na hofu ya kukosa kazi. Hawataikosa. Keshi halisi, noti zenyewe, bado zitahitaji mtu wa kuzileta kijijini na kuziondoa. Hiyo ni kazi kubwa ya kutosha, na wanaifanya vizuri.

Kuna jambo la pili, dogo kwa maneno lakini zito mfukoni, nalo linatoka kwenye shina lilelile la mtaji. Ni muamala unaokwama. Mwezi wa kwanza mwaka huu, wiki ambayo shule zinafunguliwa, mweka hazina wa kikundi cha vikoba aliniletea shilingi 740,000 niweke kwenye akaunti ya kikundi. Mashine ikazunguka, ikazunguka, ikaandika kwamba muamala haukufanikiwa, risiti haikutoka. Nikarudia. Mara ya pili ikakubali. Jioni nikaona floti yangu imekatwa mara mbili. Kikundi ni watu waaminifu, hela imeingia kwao mara mbili na walikiri siku ileile, lakini kuitoa kunahitaji saini za watu watatu pale tawini, na mmoja wao alikuwa anauguza Mbeya mjini. Nilipiga simu benki. Niliambiwa siku saba za kazi. Zilipoisha niliambiwa nitume upya malalamiko, kwa sababu ya kwanza hayakuonekana. Ilirudi siku ya 23. Kwa siku 23, katika wiki ambazo kila mzazi anatafuta pa kulipia ada ya mtoto, mtaji wangu ulipungua kwa 740,000 bila kosa langu. Nilikuwa nimefuata maelekezo ya mashine.

Kamba hukatikia pembamba, na katika mnyororo huu wote wa benki, kampuni ya simu, mitambo na minara, pembamba ni mimi. Noti bandia ikiingia ni yangu. Tapeli akinidanganya, kosa ni langu. Muamala ukikwama, anayesubiri ni mimi. Na kwenye kamisheni ile ile inakatwa kodi ya zuio kabla haijanifikia. Sikatai kodi, barabara na zahanati nazitaka. Nasema tu mzigo unavyopangwa, mwenye mabega madogo ndiye aliyepewa gunia la lumbesa.

Kuna mawakala wanaomtoza mteja cha juu, kinyume cha masharti. Nalijua na sikubaliani nalo. Mteja akija kwangu halipi senti zaidi ya iliyoandikwa. Lakini nikiwauliza wenzangu kwa nini wanafanya hivyo, jibu karibu kila mara ni moja: nauli ya kwenda kubadilisha floti. Mkimfuata kwa faini bila kuigusa nauli hiyo, atabadilisha tu namna ya kuificha.

Basi ombi langu ni hili. Benki Kuu iagize kwamba kila benki yenye mawakala na kila kampuni ya simu yenye mawakala iwezeshe floti kuhama kati ya akaunti za uwakala za mtu yuleyule, kutoka benki kwenda simu, simu kwenda benki, simu kwenda simu, saa zote, Jumapili ikiwemo. Bomba la TIPS lipo tayari. Kinachohitajika ni kuitambua floti ya wakala kama aina yake ya muamala, isihesabiwe kama mteja anayetuma hela kwa shangazi. Ada isiwepo, na kama ni lazima iwepo, iwe kiasi kimoja kidogo kisichopanda kwa kadiri hela inavyopanda, maana hiyo si biashara, ni kupanga mtaji. Na muamala wa wakala ukikwama, kiasi kile kirudishwe kwenye floti yake kwa muda ndani ya saa 24 huku uchunguzi ukiendelea. Ikithibitika kosa ni lake, kichukuliwe tena. Hawezi kukimbia nacho. Mna NIDA yake, mna TIN yake, mna na kibanda chake.

Siombi ifanyike nchi nzima kwa mpigo mmoja. Chagueni wilaya moja, msimu mmoja. Mbarali ingefaa kwa sababu mavuno yetu yanajulikana yanaanza lini na yanaisha lini, na kila shilingi ya mpunga inapita njia zilezile: benki ya mnunuzi, keshi ya mkulima, simu ya mkulima. Mtaona kwa macho yenu floti ikijaa upande mmoja na kukauka upande mwingine, na mtaona kinachotokea mkiifungulia. Kama nimekosea, itaonekana humo humo.

Nina imani mnaweza kusikia, kwa sababu niliwahi kuona mkisikia. Julai 2021 tozo ya miamala ilipoanza, hapa kwetu watu walirudi kuficha hela kwenye magunia na chini ya magodoro. Nilikaa siku nzima bila mteja. Watu walisema, Serikali ikasikia, na Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Wateja walianza kurudi mmoja mmoja, wakiwa bado na mashaka. Mkulima anayeambiwa "floti imekata" mara tatu anarudi kwenye godoro vilevile, na huyo hahesabiwi popote, kwa sababu laini yake iko hewani na akaunti yake ipo.

Wakala aliyekuja wiki iliyopita kuniuliza kama aongeze benki ni kijana wa miaka 26. Ana laini mbili na mtaji wa milioni moja na laki mbili. Nilimwambia ukweli: ukiongeza benki leo, mtaji huo utaugawa mara tatu badala ya mara mbili, na kila kipande kitakuwa kidogo zaidi, na siku ya gulio utasimama hapo na hela yako yote na usiweze kumhudumia mtu. Nikamwambia asubiri kidogo, asikope kwanza, asiguse ada ya shule ya mdogo wake. Alinishukuru, lakini niliona uso wake ukishuka. Kijiji chake hakina wakala wa benki hata mmoja. Walimu wa huko bado wanaomba ruhusa mwisho wa mwezi.

Nilimwahidi kwamba nikipata jibu kutoka kwenu nitampigia simu. Mavuno yanaanza mwezi wa tano. Gulio letu ni kila Jumapili, na mimi nafungua saa moja asubuhi. Akija yeyote kati yenu, hata bila kutoa taarifa, nina benchi nje ya dirisha na daftari nitampa alisome mwenyewe.

Wenu katika kazi,

Mama Wakala,
Bonde la Usangu, Mbarali